Vidaka vya Lamu: Sifa na Kasoro za Nakshi ya Chokaa

Siku hizi mtu akijaliwa kupata fedha na kujenga nyumba ya matofali, jambo alitamanilo mara baada ya paa ni pambo la ndani. Wengi huagiza dari za jasi zenye ua katikati na mikanda pembeni, vitu vilivyokwisha kumiminwa katika kalibu na kukaushwa, vikingoja mnunuzi dukani. Fundi huja navyo asubuhi, na baada ya siku chache chumba kina dari iliyo sawasawa na dari ya jirani, na ya mjini, na ya hotelini. Hatusemi kwamba jambo hili ni baya. Lakini twaona kwamba watu wetu wamekuwa wepesi wa kununua pambo na wazito wa kulipima. Mtu huyo huyo ambaye sokoni hugonga chungu kwa kidole, asikilize kama kina ufa, hununua ua la dari bila kuuliza hata neno moja.

Mwalimu akisahihisha insha ya mwanafunzi haandiki "nzuri" akaishia hapo. Huonyesha penye nguvu na penye ulegevu. Nakshi ya ukutani nayo yaweza kusomwa na kusahihishwa vivyo hivyo. Leo twataka kuisoma kazi moja ya chokaa ambayo kwa maoni yetu ndiyo bora katika Afrika ya Mashariki, yaani kuta za vidaka katika nyumba za kale za Lamu. Tutaeleza kwa nini ni nzuri, na kwa nini uzuri wake una doa. Na mwisho tutasema neno juu ya watu wazitengenezao upya leo kwa saruji.

Nyumba yenyewe

Mji wa Lamu uko katika kisiwa cha jina hilo hilo, upande wa kaskazini wa pwani ya Kenya. Nyumba zake kubwa za mawe, zile zenye nakshi, nyingi zilijengwa katika karne ya 18, mji ulipokuwa ukitajirika kwa biashara ya pembe za ndovu, nafaka, boriti na watumwa. Neno hilo la mwisho msomaji alishike, maana tutalirudia.

Kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa. Dari hulala juu ya boriti za mikoko. Na kwa kuwa boriti ndefu mno haiwezi kuchukua dari nzito ya mawe na chokaa, upana wa chumba hauzidi mita 3 hivi. Urefu wa chumba waweza kuwa wowote, bali upana umefungwa na mti. Ndiyo sababu vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine mfano wa mistari katika ukurasa. Mgeni hupokewa katika daka, yaani baraza la mlangoni; kisha huingia kiwanda, ndio ua ulio wazi juu. Mbele yake ni msana wa tini, kisha msana wa yuu, kama watu wa Lamu watamkavyo, na nyuma yake chumba kiitwacho "ndani". Kila apitapo hatua moja sakafu hupanda kidogo na mwanga hupungua, kwa sababu kuta za nje karibu hazina madirisha, na nuru yote hutoka uani.

Na jinsi mwanga upunguavyo, ndivyo nakshi izidivyo. Msanani mna vidaka vichache na mikanda ya maua kuzunguka milango. Lakini ukuta wa chumba cha ndani hujaa vidaka, safu juu ya safu. Kidaka ni shimo dogo la pembe nne katika ukuta, lisilotokea upande wa pili, mara nyingi lenye tao juu yake, la kuwekea chombo. Katika vidaka hivyo waliweka sahani na mabakuli ya kauri yaliyotoka China na nchi nyingine, na vitabu, na vitu vya thamani. Baina ya kidaka na kidaka, na baina ya safu na safu, chokaa imechorwa: kamba zilizosokotwa, majani, maua ya duara, na mistari iliyokatwa kama meno ya msumeno.

Chokaa hutokaje?

Mtu hawezi kuihukumu kazi kama haijui mali iliyotumika. Chokaa ya pwani hutoka katika matumbawe. Wachomaji hupanga magogo kwa duara, huyajaza vipande vya matumbawe juu yake, na kuutia moto mrundo huo uitwao tanuu. Jiwe likipata moto wa digrii 900 hivi, hewa iliyofungwa ndani yake huondoka, na lililobaki ni chokaa kali iunguzayo mkono. Hiyo huzimwa kwa maji. Huchemka, huvimba, na kugeuka kuwa unga mweupe au uji mzito. Mafundi wa kale hawakuwa na haraka: chokaa iliyozimwa iliachwa muda mrefu kabla ya kutumiwa, kwa maana ikikaa hulainika na kushika vizuri.

Ikipakwa ukutani chokaa hiyo huanza safari ya kurudi ilikotoka. Hukauka pole pole, huvuta tena kutoka katika hewa ile ile iliyoipoteza motoni, na baada ya miezi na miaka huwa jiwe tena. Basi mtu atazamaye kidaka cha Lamu atazama matumbawe yaliyofanywa unga na kurudi kuwa matumbawe, yamebandikwa juu ya ukuta wa matumbawe. Ukuta na pambo lake ni ndugu wa tumbo moja.

Polepole hiyo ya chokaa ndiyo iliyompa fundi nafasi. Baada ya kupaka tabaka na kuilainisha kwa mwiko, alikuwa na saa za kutosha kabla haijawa ngumu. Alipiga mistari yake kwa uzi na bikari, akachukua kisu, akaanza kukata. Hakuweza kukata kwa kina kirefu, maana tabaka ni nyembamba. Wala hakuweza kufuta kosa kwa urahisi. Kwa hiyo alijifunza kusema mengi kwa kina kidogo.

Hukumu ya kwanza: sifa

Sifa ya kwanza ya vidaka ni jinsi vinavyoutumia mwanga. Chumba cha ndani ni cha nusu giza. Kama fundi angalipaka rangi nyingi, zisingalionekana. Kama angaliweka sanamu nene, zingalifanya chumba kilicho chembamba kizidi kubana. Yeye alikata mistari myembamba katika chokaa nyeupe, na nuru ndogo itokayo uani huingia kwa mshazari, hugusa kingo na kuacha kivuli chembamba kando ya kila mstari. Ukuta husomeka kwa kivuli kama ukurasa usomekavyo kwa wino. Tena mashimo ya vidaka, kwa kuwa yana giza ndani, humfanya atazamaye aone kana kwamba chumba chaendelea mbele kupita ukuta. Chumba cha mita 3 chaonekana kina nafasi kuliko kilivyo. Hiyo ni akili kubwa: boriti ilimfunga fundi, naye kwa chokaa akajifungua.

Sifa ya pili ni mpango. Msomaji aliyezoea tenzi atauelewa mara moja. Safu ya vidaka ni kama ubeti: ina mizani yake, na kila mkanda wa maua una kina chake kinachorudi mahali pake. Lakini mshairi mwema harudii maneno yale yale, hurudia kipimo. Na fundi wa Lamu alirudia kipimo, bali mkono wake ulikuwa huru ndani yake. Ukisimama mbali waona safu zimenyooka. Ukikaribia waona ua hili limefunguka zaidi kuliko lile, na kamba hii imesokotwa kwa kulegea kidogo. Macho hayachoki, kwa kuwa daima yana kitu cha kuona baada ya kuona.

Sifa ya tatu ni kwamba pambo lilikuwa na kazi. Kidaka ni kabati lisilochukua nafasi. Sahani ya kauri ilipowekwa mle, chokaa ikawa kama fremu na sahani ikawa picha. Hapa yafaa kulinganisha na kazi mashuhuri ya mbali. Katika jumba la Ali Qapu mjini Isfahan, nchi ya Uajemi, lililojengwa katika karne ya 17, kuna ukumbi wa muziki ambao kuta na dari zake zimekatwa vidaka vya jasi kwa umbo la chupa na birika. Ni kazi ya kushangaza. Lakini mle pengo lenyewe ndilo chombo, na kivuli ndicho sahani. Mfalme aweza kujipa anasa hiyo. Sisi twapendezwa zaidi na kidaka cha Lamu, ambacho chasema kwa unyenyekevu, "Weka kitu hapa."

Hata hivyo hatuvisifu vidaka vyote. Katika nyumba nyingine mafundi walizidisha. Vidaka vimekuwa vidogo mno na vyembamba, hata ni vigumu kuweka kitu chenye faida ndani yake. Na baina yake mikanda ya maua imesongamana pasipo mahali pa macho kupumzika. Mwenye nyumba alitaka kumpita jirani kwa hesabu ya vidaka, si kwa uzuri wake. Ubeti wenye vina vingi kupita maana si utenzi bora, na ukuta nao ni vivyo hivyo.

Ukoo wa kazi hii

Watu wengine hudhani kazi hii ilizuka Lamu peke yake, na wengine hudhani ililetwa yote kutoka ng'ambo kama bidhaa ndani ya jahazi. Dhana zote mbili ni nyepesi. Pwani yetu ilijua kunakshi jiwe zamani sana kabla ya vidaka hivi. Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, mna maandishi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe yenye mwaka wa 1107. Huko Kilwa, katika jumba la Husuni Kubwa la karne ya 14, yalikuwamo mapambo ya jiwe lililochongwa. Wachongaji walitoa matumbawe laini baharini, wakayachonga yangali na maji, nayo yakawa magumu yalipokauka. Kazi ya vidaka vya karne ya 18 ni mtoto wa kazi hiyo: kisu kile kile kilihama toka katika jiwe bichi kikaingia katika chokaa mbichi, ambayo ni rahisi zaidi kupatikana na kukatwa.

Wakati huo huo mabaharia walikuwa wakienda na kurudi. Siraf, bandari ya Uajemi katika Ghuba, ilifanya biashara na pwani yetu miaka zaidi ya 1000 iliyopita. Na wataalamu walipoyachimbua magofu yake kati ya 1966 na 1973 walikuta mapambo ya lipu iliyochorwa. Na huko Samarra, mji uliojengwa kando ya mto Hidekeli mwaka 836, kuta za nyumba nyingi zilivikwa lipu yenye nakshi. Katika mji ule mna jambo la kutufundisha. Ulijengwa kwa haraka, majumba yalikuwa mengi, mafundi hawakutosha. Ndipo ukatokea mtindo mmoja wa nakshi zenye kingo za mshazari, ambazo zaweza kutolewa katika kalibu kwa urahisi.

Basi kalibu si dhambi ya Wazungu wala uvivu wa siku hizi. Ni ya kale, na huzaliwa kila mahali ambapo watu wengi hutaka pambo kwa wakati mmoja. Ulaya nayo ilipita njia hiyo. Jasi huhitaji moto mdogo tu, digrii 150 hivi, na unga wake ukichanganywa na maji hushika kwa dakika chache. Kwa hiyo wafaa sana kumiminwa. Mwaka 1856, Leonard Alexander Desachy alipata hati Uingereza ya kutia nguo na miti katika jasi iliyomiminwa, hata vipande vikubwa vikawa vyepesi na vigumu kuvunjika. Tangu hapo dari nzima iliweza kufanywa karakanani na kupelekwa kwa gari. Dari zetu za leo ni wajukuu wa kazi hiyo.

Yapasa tuwe waadilifu katika hukumu. Kalibu imempa mtu wa kawaida kitu ambacho zamani kilikuwa cha tajiri peke yake, na hilo ni jema. Lakini imechukua malipo yake. Ua la kalibu lilichorwa na mtu asiyekijua chumba kile; hakujua dirisha liko upande gani, wala dari ina kimo gani, wala mwenye nyumba ataweka nini chini yake. Ndiyo maana mara nyingi twaona ua kubwa la hotelini limening'inia juu ya chumba kidogo, kama mtoto aliyevaa kofia ya baba yake. Tena jasi ni adui wa maji. Paa likivuja, ua hilo huchafuka, hulainika na kuanguka, na hakuna fundi awezaye kulitibu. Dawa yake ni kununua jingine.

Hukumu ya pili: doa

Sasa twarudi kwa lile neno tulilomwomba msomaji alishike. Nyumba za vidaka zilijengwa na jamii iliyomiliki watu. Utajiri wake ulitoka pamoja na mengine katika biashara ya watumwa na katika mashamba ya bara waliyolimishwa watumwa. Mtu asifuye kamba iliyosokotwa katika chokaa asisahau kuuliza ni mikono ya nani iliyovunja matumbawe, ikabeba magogo, ikasimama kando ya tanuu. Katika jamii ile kazi nzito za namna hiyo zilikuwa sehemu ya watumwa. Sheria ya utumwa ilifutwa Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Lakini ukuta haufuti kilichoandikwa ndani yake.

Tena pambo lenyewe lilisaidia kugawanya. Tumesema kwamba nakshi huzidi kila mtu aingiapo hatua moja. Mgeni wa kupita alibaki barazani asione kitu. Rafiki aliona kidogo. Vidaka vyenyewe vilionwa na jamaa, kwa sababu chumba cha ndani kilikuwa mahali pa mwanamke mwungwana, aliyekaa humo kwa siku nyingi za maisha yake. Mtafiti Linda Donley, aliyeandika juu ya nyumba hizo katika miaka ya 1980, ameonyesha kwamba nakshi na vyombo vya ndani vilikuwa pia kinga. Uzazi na uoshaji wa maiti vilifanyika katika sehemu hiyo ya nyuma, na watu walitumaini kwamba ukuta uliopambwa ungegeuza jicho la husuda. Basi ukuta ulitangaza mambo mawili: sisi ni waungwana, na wengine si waungwana.

Je, doa hili lafuta sifa? Wako wasemao ndiyo, kwamba kazi iliyolipwa kwa mateso haiwezi kuwa nzuri. Sisi hatukubali, wala hatuwakubali wale wasemao kwamba doa halihusiki na uzuri. Kisu hakikudanganya, mstari ulionyoka umenyoka, awe aliyeukata mtumwa au mwungwana. Kama mkata nakshi alikuwa mtumwa, basi uzuri ule ni ushahidi wa akili ya mtu ambaye bwana wake alimhesabu kuwa mali, na kuudharau ni kumnyang'anya mara ya pili. Lakini makusudi ya ukuta ni jambo jingine. Makusudi ya kufungia uzuri chumba cha nyuma ili uwe alama ya daraja, hayo twayahesabu kuwa kasoro ya kazi, maana yaliifanya iwe maskini wa watazamaji. Pambo lililofichwa lilikosa wa kulisahihisha, na labda ndiyo sababu katika nyumba nyingine lilizidi kiasi, kwa kuwa hakuwapo mgeni wa kusema, "Bwana, inatosha."

Washairi wa pwani wenyewe waliliona jambo hili. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika utenzi wake uitwao Al-Inkishafi, ayatazama majumba ya Pate yaliyokuwa magofu, na hakusahau kuvitaja vidaka vya sahani: sasa ndege hulea makinda yao mle. Fundi alikata kwa ajili ya kauri, na mwisho akapokea viota. Utenzi huo haukudharau vidaka; ulikemea moyo uliodhani vidaka vitadumu.

Saruji juu ya matumbawe

Katika karne ya 19 kazi ya vidaka ilipungua sana, utajiri wa mji ulipohama. Baadaye, katika karne ya 20, watu walianza tena kuthamini nyumba hizo. Msanifu Usam Ghaidan aliutafiti mji na kuchapisha kitabu chake mwaka 1975. Nyumba moja ya karne ya 18 ilifanywa makumbusho, ambamo kila mtu aweza kuingia na kuona ukuta wa vidaka. Na mwaka 2001 UNESCO iliuandika mji wa kale wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia. Chumba kilichofichwa kimefunguliwa mlango. Hilo ni jambo la furaha, nasi twaliona kama kusahihishwa kwa kasoro tuliyoitaja.

Lakini hatari nyingine imeingia kwa mlango huo huo. Nyumba za kale zimepata wanunuzi wenye fedha na haraka, na haraka hupenda saruji. Saruji ya Portland, ambayo Joseph Aspdin alipata hati yake Uingereza mwaka 1824, ni kitu chenye nguvu sana, nasi hatuna ugomvi nayo katika msingi wa zege au katika daraja. Juu ya ukuta wa matumbawe ni mgeni mbaya. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu wa ardhi, na ndani yake mna chumvi ya bahari. Chokaa, kwa kuwa ina vitundu vidogo visivyoonekana, huuacha unyevu utoke pole pole, na ukuta hupumua. Saruji huuziba. Unyevu hubaki ndani, chumvi hugandamana nyuma ya lipu, husukuma, na baada ya muda lipu hubanduka ikiwa imeshikamana na ngozi ya jiwe lenyewe. Mtu aliyedhani ameutia ukuta nguvu ameuchuna.

Tena saruji hugeuka kuwa ngumu kwa muda mfupi; haimngoji mkata nakshi. Kwa hiyo vidaka vya saruji hufanywa kwa kalibu, vyote sawasawa, kingo zimelala kwa uzito, kivuli hakina makali. Twaviona katika nyumba za wageni, vimepakwa rangi nyeupe, na taa ya umeme ndani ya kila shimo. Hapo kivuli, ambacho ndicho wino wa kazi hii, kimefukuzwa kabisa. Jina la kidaka limebaki na kidaka kimekwenda.

Mtu aweza kutujibu kwamba chokaa nayo ina gharama yake: hula kuni, na huvunja matumbawe ambayo ni nyumba ya samaki. Jibu hilo lina haki, nasi hatumwambii mtu avunje matumbawe hai au kumaliza mikoko. Lakini chokaa yaweza kupatikana kwa mawe yachimbwayo nchi kavu, na gharama yake yapasa kulinganishwa na ile ya saruji, ambayo pia hutoka katika jiwe na moto mkubwa, na ikitumiwa vibaya hudai kazi ile ile ifanywe tena. Kitu adimu zaidi kuliko chokaa ni fundi. Mawe yako, mkono ujuao saa ya kuanza kukata na saa ya kuacha haununuliwi dukani, nao ukifa haurudishwi kwa kusoma kitabu.

Neno kwa wajengao

Msomaji wetu wa kijijini atauliza, "Haya ya Lamu yanihusu nini, mimi mwenye ukuta wa udongo?" Yamhusu sana. Nyumba nyingi za udongo zina shubaka dogo ukutani la kuwekea taa. Hilo ni ndugu mdogo wa kidaka. Lisawazishe pembe zake, lipake chokaa ili nuru ya taa iongezeke, likate mstari mmoja kulizunguka kabla haijakauka, nawe umefanya kazi iliyo halisi kuliko ua la kununua. Na wewe uliyejenga kwa matofali, kabla ya kuagiza dari, simama chumbani saa nne asubuhi na tena saa kumi jioni, utazame mwanga unaingilia wapi na unaanguka wapi. Kisha mwulize fundi maswali matatu: Pambo hili litashikana na ukuta wangu, au litauziba? Litachukua kazi gani? Likiharibika, nani atalitibu? Fundi asiyeweza kujibu ni mchuuzi tu.

Na halmashauri za shule na za majengo ya kijiji, zipatapo fedha za kupaka lipu, zisione vibaya kumweka kijana mmoja au wawili kando ya mwashi mzee, hata kama kazi itachelewa juma moja. Juma hilo ni ada ya shule, tena ni ada ndogo.

Hukumu yetu basi ni hii. Ukuta wa vidaka wa Lamu ni kazi kubwa, kwa sababu ulifanywa kwa mali ya mahali pake, kwa mwanga wa mahali pake, na kwa vyombo vya watu wa mahali pake. Kasoro yake ni kwamba ulifungiwa wachache na kulipiwa na wengi. Tukirithi umbo lake kwa saruji na taa za umeme, tutakuwa tumeiacha sifa. Na tukilifanya tena kuwa la wenye fedha peke yao, tutakuwa tumeichukua kasoro. Yatupasa kurithi kisu na subira, na kuuacha mlango wazi.